Vibati Ishirini na Viwili

Bi Attracta Hehir hakuuliza kodiani ile imepatikana wapi. Aliitazama picha mara moja, akailaza kifudifudi mezani, akaendelea kukata mkate.

"Siagi au jamu?"

"Siagi inatosha," alisema Sajenti Nuala Considine. "Unaitambua?"

"Kodiani za kijivu za Kiitaliano zilijaa wilaya nzima ya Clare. Nyumba isiyokuwa nayo ilikuwa inaitamani ya jirani."

"Hii ina jina ndani yake. Limeandikwa kwa penseli kwenye fremu ya mvukuto, mahali ambapo huwezi kuona mpaka uifungue. Fintan Hehir, 1979."

Kisu kikasimama. Halafu kikaendelea, vipande vya upana uleule.

"Basi aliiuza," alisema Attracta. "Nilijua ataiuza."

Alikuwa na miaka sitini na minane, na uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya ndoo. Fintan alikuwa mdogo wake. Jalada lake kituoni lilikuwa na kurasa mbili tu, na Considine alikuwa amezisoma mara nyingi kiasi cha kuzijua kwa moyo. Jumapili ya tarehe 14 Oktoba 1984, Fintan, miaka ishirini na tisa, alipiga kodiani kwenye ukumbi wa parokia, akatoka kwa miguu. Jumatatu asubuhi, kwa mujibu wa jirani yake Malachy Linnane, alipewa lifti na Malachy huyohuyo mpaka stesheni ya Ennis, kodiani magotini, akiwa njiani kwenda Uingereza. Hakuna aliyeuliza zaidi. Miaka ile nusu ya parokia ilikuwa inaondoka.

"Hakuandika barua?"

"Wala kadi ya Krismasi." Attracta akamsogezea sahani. "Mama alilala kitandani miezi minane akiuliza posta imeleta nini. Tulimzika Machi ya themanini na sita. Wiki ileile nikamwita fundi abadilishe kitasa cha mlango wa mbele. Fintan alikuwa na ufunguo wake. Nikasema, siku akirudi agonge kama mgeni, na mimi nitaamua."

Considine aliandika: kitasa, Machi 1986. Hakujua kwa nini aliandika. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu.

"Jumapili ile ukumbini, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nauza chai mlangoni."

"Alipigaje? Namaanisha sauti yenyewe. Ilikuwa ileile ya siku zote?"

Kwa mara ya kwanza Attracta alimtazama usoni. "Swali gani hilo? Ileile. Ya juu, kali, kama kuku aliyekanyagwa mkia. Alipenda safu ya ndani ya vitufe, nusu sauti juu ya dunia nzima. Wapiga fidla walikuwa wanamlaani waziwazi, maana ilibidi wakaze nyuzi zote ili wamfikie. Mmoja alikatikiwa na uzi usiku ule, akamwambia, 'Fintan, Mungu akusamehe, mimi siwezi.'" Akasogeza siagi karibu. "Kula, Sajenti. Mkate wa jana haufai."

*

Karakana ya Dympna Slattery ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, na ilinuka nta. Dympna, fundi wa kodiani kama marehemu baba yake Dinny, alikuwa amekwisha kuigawa kodiani ya kijivu vipande vitatu juu ya meza.

"Usiegemee hapo, Sajenti. Hiyo nta bado laini."

"Nieleze taratibu. Kama mtu asiyejua hata kupiga filimbi."

"Wewe, wa ukoo wa Considine, hujui filimbi? Baba yako ana habari?"

"Alikata tamaa mapema."

Dympna alicheka kwa pua, akavuta taa karibu. Wiki iliyopita mjukuu wa Malachy Linnane alimletea kodiani hii kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa kinakwama. Aliifungua, akaona jina, akaacha kila kitu na kupiga simu polisi. Jina la Fintan Hehir bado lilikuwa linajulikana; baba yake alikuwa akimtaja.

"Tazama ndani. Sauti yote inatoka hapa." Alinyooshea kidole safu za vibati vidogo vya chuma vilivyopangwa juu ya magogo ya mbao kama meno kwenye ufizi. "Kila kibati kina ndimi mbili. Ukisukuma mvukuto unalia huu, ukivuta unalia huu. Vimegandishwa kwa nta. Hii kodiani ina safu mbili za vitufe. Ya nje vitufe kumi, ya ndani kumi na kimoja. Kila kitufe kina vibati viwili vinavyolia pamoja. Piga hesabu."

"Nje ishirini. Ndani ishirini na viwili."

"Kumbe shule ulienda. Sasa, ilipotoka Italia, safu ya nje ilikuwa katika noti ya D, na ya ndani nusu sauti juu yake. Ndiyo kodiani aliyopiga Fintan. Leo si hivyo. Leo D imehamia ndani, na nje imekaa safu nyingine, nusu sauti chini. Mtu ameigeuza."

"Kwa kukwaruza ndimi?"

"Ukikwaruza ulimi karibu na shina, sauti inashuka. Ukikwaruza ncha, inapanda. Lakini kuna kiasi. Kushusha safu nzima nusu sauti ni kuudhoofisha ulimi mpaka ulie kama mbu. Fundi mwenye heshima zake hafanyi hivyo. Anang'oa safu, anaweka mpya." Akagusa safu ya nje kwa ncha ya bisibisi. "Hivi ishirini ni vipya. Si vya kiwanda kile, tazama rangi ya chuma. Ile D ya zamani, vibati ishirini, imechukuliwa ilivyo ikahamishiwa ndani. Lakini ndani kuna nafasi ishirini na mbili."

"Zilibaki mbili."

"Zilibaki mbili. Na fundi hakuwa na vibati vya kufaa, au alikuwa bahili. Akachukua viwili vya safu ileile aliyoing'oa, akavikwaruza, akavirudisha mwishoni." Akampa Considine kioo cha kukuzia. "Soma."

Kwenye kona ya kibati cha mwisho palikuwa na namba iliyochorwa kwa sindano, nyembamba kama unywele. Ishirini na mbili. Mwisho wa gogo la pili, nyingine: kumi na moja. Chini ya kila namba palikuwa na msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa mkono mwingine.

"Namba ni za Muitaliano. Alivihesabu vibati kabla ya kuvigandisha. Msalaba ni wa baba."

"Una hakika?"

"Nimekua natazama msalaba huo. Na nta pia ni yake. Nta ya nyuki, ulimbo wa msonobari, na tone la mafuta ya kitani ambalo kila mtu alimwambia aache. Nusa."

Considine alinusa. Ilinuka kama duka la rangi.

"Alifanya lini?"

"Mikono yake ilianza kutetemeka themanini na tano, kabla ya Pasaka. Baada ya hapo hakushika tupa tena. Alifariki Kwaresima ya themanini na nane." Dympna alizima taa. "Na mtoto ananiambia babu yake aliinunua tisini na moja kwenye maonyesho, kwa mtu wa Kerry. Basi ilikuwa imegeuzwa zamani."

"Au Fintan mwenyewe ndiye aliyeigeuza, akaenda nayo, akaiuza, ikazunguka mpaka Kerry."

"Fintan? Safu ya ndani ndiyo iliyokuwa sauti yake. Hiyo ni kama mtu aende hospitali akiwa mzima, aombe akatwe mkono."

"Huo si ushahidi."

"Si ushahidi. Ni kodiani tu."

Considine alifungua ukurasa mpya. "Ni nani anayegeuza kodiani hivi?"

"Mtu ambaye vidole vyake vimejifunza nyumba nyingine. Ukiwa umezoea D ndani, hii ya zamani ni nyumba iliyohamishwa ngazi. Unapanda, unagonga ukuta. Ama ujifunze upya, ama uigeuze." Akainua mabega. "Nusu ya wilaya inapiga hivyo. Malachy naye. Mimi pia."

"Na vile vibati ishirini vilivyong'olewa vilienda wapi?"

"Kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya baba: mwenye kodiani ndiye mwenye ndimi. Alikuwa anavifunga kwenye gazeti, anavitia kwenye kopo la majani ya chai, anamkabidhi mtu mkononi. Hakumpa mke wala jirani. Aliyeleta kodiani ndiye aliyeondoka na kopo."

"Gazeti gani?"

"La wilaya. La wiki hiyo."

"Lisiwe la mwezi uliopita? La mwaka uliopita?"

"Ya zamani yalikuwa ya mama, ya kuwashia jiko. Hukumjua mama."

Considine alifunga daftari, akalifungua tena. "Mtu akishapewa kopo hilo, analipeleka wapi? Jalalani?"

Dympna alimtazama kama aliyeulizwa kama watu hutupa watoto.

"Kila ulimi umepigwa tupa na mtu, mmoja mmoja, mpaka ukakubali. Kodiani inaweza kuoza, kupigwa mafuriko, kukaliwa na babu. Ndimi unaweka. Nenda nyumba yoyote ya mpigaji hapa Clare, fungua droo. Hakuna anayetupa, Sajenti. Hakuna."

*

Malachy Linnane aliwakaribisha saa nne asubuhi, akampa Askari Kinnane kiti kizuri na Considine kiti chenye mguu mfupi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mpana, mwenye vidole vya kushangaza, virefu na safi.

"Binti wa Considine. Baba yako aliwahi kuniuzia fahali kiwete."

"Alisema alikuwa mzima alipotoka kwetu."

"Alikuwa mzima akiwa amelala." Kinnane alicheka. Malachy hakucheka. "Mmenijia kwa ajili ya ile kodiani. Mjukuu wangu analia tangu juzi, anadhani nitafungwa kwa kununua mali ya wizi."

"Tunataka maelezo tu, Bwana Linnane. Nitaandika, utasoma, utatia sahihi. Uliinunua lini?"

"Tisini na moja. Agosti. Maonyesho ya farasi."

"Kwa nani?"

"Mtu wa Kerry. Jina sikumuuliza, na uso wake nimeusahau."

"Ilikuwa katika sauti hii ya sasa?"

"Hiihii. Ndiyo maana niliichukua. Niliijaribu palepale."

"Hukujua ni ya Fintan Hehir?"

"Ningejuaje? Ya Fintan ilikuwa na sauti ya kuku. Hii ni D safi. Na mimi sikuifungua ndani, si fundi."

Considine aliandika polepole. Mvua ilikuwa inapiga dirishani kwa ubavu. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na picha ya mjukuu, kodiani ya kijivu kifuani, mdomo wazi kwa kicheko.

"Yule mtu alikupa nini pamoja na kodiani? Sanduku? Mkanda wa akiba? Kitu chochote?"

"Hata mfuko hakunipa. Niliibeba mikononi kama mtoto."

"Kodiani pekee. Niandike hivyo?"

"Andika. Kodiani pekee."

"Na Dinny Slattery, aliwahi kukutengenezea chombo chochote?"

"Dinny? Hapana. Mimi nilikuwa napeleka Galway. Dinny alikuwa anatia mafuta kwenye nta, kila mtu anajua."

"Themanini na nne, Fintan alipoondoka, ulimpeleka stesheni."

"Nilishasema enzi hizo. Mnalo kwenye faili."

"Akiwa na kodiani."

"Magotini. Alikataa kuiweka nyuma."

Considine akamsomea maelezo yote kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Malachy alivaa miwani, akasoma mwenyewe, akatia sahihi kwa herufi za shule. Halafu Considine alitoa karatasi ya pili kwenye koti lake na kuiweka juu ya ile ya kwanza.

"Hii ni hati ya upekuzi. Imetiwa sahihi jana na hakimu. Nyumba na banda."

Malachy aliisoma hiyo pia, mpaka mwisho, bila haraka.

"Mnatafuta nini?"

"Kopo la majani ya chai."

Hakuna kilichobadilika usoni mwake. Alivua miwani tu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Banda lilichukua saa nzima na halikutoa kitu. Kinnane alitoka na utando wa buibui kwenye kofia, mikononi ameshika kopo moja lenye misumari na jingine lenye sumu ya panya. Vyumba vya kulala, patupu. Considine aliingia jikoni, akasimama katikati, akayakumbuka maneno ya Dympna. Fungua droo. Alianza na kabati la vyombo. Droo ya kwanza: uma na vijiko. Ya pili: kadi za misa za marehemu. Ya tatu ilikuwa ya muziki. Kulikuwa na nyuzi za fidla ndani ya bahasha, kipande cha ulimbo, mikanda ya kaseti, daftari la mjukuu. Nyuma kabisa palikuwa na kopo jekundu lililofifia, kubwa kama tofali. Alipoliinua lilikuwa zito kuliko chai.

Alivaa glavu. Kinnane alipiga picha kopo likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi. Karatasi ya gazeti ilikuwa imekuwa ya njano, imekunjwa pembe kwa pembe kama kitambaa cha altare. Considine aliikunjua juu ya meza. Tarehe ilikuwa juu kulia, nzima: Ijumaa, 26 Oktoba 1984. Siku kumi na mbili baada ya ukumbi wa parokia.

Ndani mlikuwa na vibati, bado vina mabaki ya nta mgongoni. Alinusa kimoja. Duka la rangi. Akavipanga mezani kimoja kimoja, akisoma kona kwa kioo cha kukuzia, na Kinnane akiandika. Moja. Mbili. Tatu. Walifika kumi. Kilichofuata kilikuwa kumi na mbili. Wakaendelea mpaka ishirini na moja, na kopo likawa tupu.

"Vingapi?" aliuliza Considine.

"Ishirini. Hakuna kumi na moja, hakuna ishirini na mbili."

"Hivyo viko kwa Dympna. Ndani ya kodiani."

Malachy alikuwa ameketi kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Considine alimsomea onyo: si lazima aseme lolote, lolote atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani, ana haki ya wakili. Aliitikia kwa kichwa katika kila kifungu, kama mtu anayeitikia sala.

"Umesema kodiani pekee," alisema Considine. "Umetia sahihi."

"Nimetia."

"Hili kopo Dinny alimpa nani?"

Mvua. Kinnane alisogeza kalamu.

"Nilifika nalo mtoni mara mbili," alisema Malachy hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza habari za ng'ombe. "Mara ya pili nililifungua kabisa. Nikaona ile kazi. Ndimi zile zimepigwa tupa kwa mkono, kila moja. Huwezi kutupa kitu kama kile. Nikarudi nalo."

"Yeye ulimtupa."

Malachy alivitazama vidole vyake.

"Nilimwomba aniuzie. Si mara moja. Jumapili ile nilimfuata njiani, nikamwomba tena. Akacheka. Akasema, 'Ukiipata utaifanyia nini, Malachy? Vidole vyako havijui nyumba hii.' Nikamsukuma. Pale daraja la mawe, lile lisilo na ukingo. Aliangukia kichwa. Kodiani haikupata hata mkwaruzo, alikuwa ameikumbatia."

"Alikuwa amelewa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nimelewa. Yeye alikuwa anakwenda nyumbani."

"Na stesheni?"

"Sikwenda stesheni."

"Yuko wapi, Malachy?"

Hakumtazama. Aliitazama ile picha juu ya kabati. "Mtoto asiambiwe kabla ya mtihani wake wa muziki. Ni Jumamosi."

"Hilo siwezi kukuahidi. Yuko wapi?"

"Tanuri la chokaa. La zamani, nyuma ya malisho yangu ya juu. Nililijaza mawe mimi mwenyewe, nikasema ng'ombe wataanguka." Akanyanyuka, akachukua koti lake msumarini. Mlangoni akasita. "Ile D ya ndani," alimwambia Considine, "Dinny hakuigusa. Aliihamisha tu. Ile ilibaki ya Fintan, siku zote hizo."

Considine alilitia kopo ndani ya mfuko wa vielelezo, akaufunga, akaandika saa.

*

Walichimba siku moja na nusu. Ijumaa mchana Considine alirudi kwa Bi Attracta peke yake. Chai ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Kijijini habari hufika kabla ya gari la polisi.

Alimweleza yote kwa mpangilio, tangu msalaba wa Dinny mpaka tanuri. Hakupamba na hakupunguza. Attracta alisikiliza mikono ikiwa juu ya meza, kiganja juu ya kiganja.

"Vibati ishirini mlivikuta," alisema alipomaliza.

"Ishirini. Na viwili ndani ya kodiani."

"Vile vya sauti ya juu."

"Ndivyo."

"Ni vya nani sasa?"

"Ni vielelezo mpaka kesi iishe. Baada ya hapo ni vyako. Dympna anasema anaweza kuvirudisha mahali pake, ukitaka. Ilie kama ilivyokuwa."

Attracta alilifikiria jambo hilo kama mtu anayefikiria bei ya viazi.

"Daktari anasema vipimo vitachukua wiki tatu," alisema Considine. "Mpaka hapo siwezi kuandika kwamba ni yeye. Lakini kuna kitu tumekikuta kwenye mabaki ya koti, na nadhani wewe unaweza kunisaidia mapema." Alisita. "Kile kitasa ulichokibadilisha themanini na sita. Cha zamani kilikwenda wapi?"

Mama yule hakuuliza kwa nini. Aliinuka, akaenda kwenye kabati la chini ya ngazi, akasogeza ndoo na fagio na pasi mbovu. Alirudi na kitasa cha chuma, kizito, bado kina skrubu zake nne zilizofungwa pamoja kwa uzi.

"Kilikuwa kizima," alisema. "Sikuona sababu ya kukitupa."

Considine alivaa glavu. Alifungua mfuko mdogo wa plastiki, akatoa ufunguo. Chokaa ilikuwa imeula upande mmoja, lakini meno yalikuwepo. Maabara ilikuwa imekwisha kuupiga picha na kuusafisha, na ruhusa ya kuujaribu ilikuwa mfukoni mwake, imeandikwa. Alikishika kitasa kwa mkono wa kushoto juu ya kitambaa cha meza, akauingiza ufunguo taratibu.

Uliingia mpaka mwisho. Ulikataa kidogo. Kisha ukazunguka, na ulimi wa kitasa ukatoka nje kwa mlio mfupi, mkavu.

Considine alitazama saa yake, akaandika: saa tisa na dakika kumi. Ufunguo umefungua.

Attracta alikuwa anautazama mlango wa mbele.

"Miaka yote hii nasema atagonga," alisema. "Nasema akija, lazima agonge."

Considine aliurudisha ufunguo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kumbe alikuwa na ufunguo mkononi."

"Mfukoni, Bi Attracta. Mfuko wa kulia."

"Mfuko wa kulia," alirudia Attracta. Akasogeza kikombe cha Considine karibu naye, mpini ukimwelekea. "Ndiyo. Humo ndimo alimokuwa anauweka."